Juba Kati ya Geji Tatu

Msomaji akichukua ramani ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, kisha akaweka kidole juu ya Juba, ataona jambo ambalo halisemwi sana. Mji huu haujawahi kufikiwa na reli, lakini umezungukwa na reli za aina tatu. Kaskazini-magharibi, huko Wau, ndiko inakoishia reli ya Sudan ambayo upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,067. Kusini, Gulu, kuna reli ya Uganda yenye milimita 1,000. Kusini-magharibi, Mungbere nchini Kongo, iliishia reli ndogo ya Uele yenye milimita 600 tu. Na sasa inazungumzwa ya nne, ile ya milimita 1,435, ambayo magazeti ya Kiswahili yameizoesha jina la "reli ya kisasa".

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Juba hukutana na jina hilo kila tunapofika kwenye msamiati wa usafiri. Mwanafunzi aliyekulia Kator, kati ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa na soko la Konyo Konyo, anajua neno sika hadid kutoka Kiarabu cha Juba, lakini treni yenyewe hajaiona isipokuwa amepita Khartoum, Nairobi au Kampala. Akijifunza kwamba nchi za jirani zinabadili reli zao ziwe "za kisasa", huuliza swali la haki kabisa: na sisi tutapata ipi? Tumeona ni vyema kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, maana halihusu wahandisi peke yao. Unga, mafuta ya kula, saruji na sabuni za Konyo Konyo huletwa kwa sehemu kubwa na malori yanayopita Malaba, Gulu na Nimule. Mwaka 2021 madereva waligoma mpakani Elegu baada ya wenzao kuuawa katika barabara za huku kwetu, na bidhaa zikaadimika. Kwa hiyo anayeuliza habari ya reli anauliza habari ya chakula.

Tuanze na jina, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Kuiita reli ya milimita 1,435 "ya kisasa" ni kumaliza mjadala kabla haujaanza, maana nani atataka ya zamani? Lakini kwa umri, mambo ni kinyume. Kipimo hicho ndicho George Stephenson alichokitumia katika reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa mwaka 1830. Reli ya mita moja ilikuja baadaye, ikashamiri India tangu miaka ya 1870 kama njia ya kujenga kwa gharama nafuu. Kinachoifanya reli ya Dar es Salaam au ya Mombasa iwe ya kisasa ni umeme au injini mpya, mitambo ya ishara, madaraja na kona zilizonyooshwa. Huko Afrika ya Kusini, reli ya madini ya chuma kutoka Sishen hadi Saldanha, iliyoanza kazi mwaka 1976, ni ya milimita 1,067, nayo hupitisha treni miongoni mwa zilizo nzito kuliko zote duniani. Upana peke yake haubebi mzigo.

Neno "sanifu" ni afadhali, na walimu wa Kiswahili tunalielewa vizuri. Kiunguja hakikuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa sababu Kimvita kilikuwa na kasoro. Kilichaguliwa ili watu wa nchi kadhaa waandike vitabu vinavyosomeka pande zote. Geji sanifu nayo ni hivyo: faida yake ni makubaliano na jirani. Pasipo na jirani aliyekubali, usanifu wake haukufai kitu.

Sasa, je, hizi geji tatu zilitoka wapi? Reli ya Misri ilijengwa kwa kipimo cha Uingereza, milimita 1,435, tangu miaka ya 1850. Lakini jeshi la Kitchener lilipokuwa likishuka Sudan, lililaza reli ya milimita 1,067 kuvuka jangwa kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed mwaka 1897, na mwishoni mwa mwaka 1899 chuma kikafika ng'ambo ya Khartoum. Kipimo hicho ndicho cha Afrika ya Kusini, na wakati ule Cecil Rhodes alikuwa akihubiri ndoto yake ya reli kutoka Rasi hadi Kairo. Upande wa pwani, Waingereza hao hao walianza reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896 wakachagua mita moja, kwa kuwa vifaa, mabehewa na mafundi wa kipimo hicho walipatikana kwa urahisi India. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Hata neno letu gari lina asili ya Kihindi. Lilivuka bahari ile ile. Wajerumani nao, wakianzia Tanga mwaka 1893 na Dar es Salaam mwaka 1905, walichagua mita moja. Wabelgiji wakaweka reli nyembamba kabisa katika Uele kati ya miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya pamba na mazao mengine ya mashamba.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeifikiria Juba. Juba ilikuzwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya mto: meli kutoka kaskazini hukwama kwenye maporomoko yaliyo kusini yake, basi hapo ndipo mzigo ulipopaswa kushushwa. Katika miaka ya 1930 msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Kairo alipanda treni hadi Namasagali, meli katika ziwa Kyoga, gari hadi Butiaba, meli tena katika ziwa Albert na mto hadi Nimule, gari hadi Juba, meli hadi Kosti, treni hadi Wadi Halfa, meli hadi karibu na Aswan, kisha treni ya Misri. Alibadili chombo mara nane. Tunaomba msomaji atazame jambo moja katika safari hiyo: katika mara hizo nane hakuna hata moja iliyosababishwa na tofauti ya geji. Zote zilitokana na reli kutokuwapo.

Hata hivyo hatusemi kwamba geji haina maana. Historia ya kanda hii inaonyesha wazi thamani ya kulingana. Waingereza na Wajerumani walipopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilijenga reli kutoka Voi hadi Kahe, na mwaka 1916 reli ya adui ikaungwa na ya Mombasa bila kubadili gurudumu, kwa kuwa mahasimu wale walikuwa wamechagua kipimo kimoja. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaunganisha reli ya Tanga na reli ya Kati, na hapo Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na mtandao mmoja. Mwaka uliofuata chuma kilifika Pakwach, kaskazini mwa Uganda. Lakini ni Gulu, wala si Pakwach, ambako reli ya Afrika ya Mashariki imeukaribia zaidi mpaka wetu.

Lakini mfano ulio bora wa kubadili geji katika Afrika ya Kati uko Kongo, nao hautajwi na wanaobishana leo. Kampuni ya Wabelgiji ya reli za Maziwa Makuu ilikuwa imejenga vipande vya mita moja: Kisangani hadi Ubundu, Kindu hadi Kongolo, na Kabalo hadi Kalemie. Kalemie inatazamana na Kigoma ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na mizigo ya Kongo ilitoka kupitia Dar es Salaam. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga reli mpya kutoka Kamina hadi Kabalo ili kuunganisha mashariki na Katanga, ambako reli ni za milimita 1,067. Basi mwaka 1955 vipande vya Kindu na Kalemie vikapanuliwa kwa milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, vikawa sehemu ya mtandao wa kusini. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, kiliachwa na mita yake moja. Kwa nini? Kwa sababu kiko peke yake kati ya mto na mto. Kukibadili kusingekiunganisha na chochote.

Sisi tunaona hekima kubwa katika kukiacha kile kipande, pengine kuliko katika kubadili vile vingine. Waliokuwa wakiamua walijiuliza treni itakwenda wapi ikishabadilishwa. Wachina walijiuliza vivyo hivyo walipojenga TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Nchini kwao reli ni za milimita 1,435, lakini kwa Tanzania na Zambia walilaza milimita 1,067, kwa kuwa ndiko Zambia ilikounganika tayari na kusini. Gharama yake ilibaki Tanzania: geji mbili zisizoingiliana katika nchi moja, hata ikabidi kituo cha kuhamishia shehena kifunguliwe Kidatu mwaka 1998. Milimita 67 ni tofauti ya kukera kweli, kwa kuwa haiachi nafasi ya kulaza chuma cha tatu kando ya cha pili. Kati ya 1,000 na 1,435 nafasi hiyo ipo. Tutalirudia jambo hili.

Na Wau? Reli kutoka Babanusa ilifika huko mwaka 1962, miaka sita baada ya uhuru wa Sudan. Ilitarajiwa kuleta biashara, na kiasi ilileta. Lakini ilikuwa na upande mmoja tu wa kutazama. Katika vita vya 1983 hadi 2005 treni za serikali zilizopeleka vifaa kwenye kambi ya Wau zilifuatana na wanamgambo wa farasi, na vijiji vya kandokando ya reli katika Bahr el Ghazal vikachomwa, ng'ombe wakaporwa, wanawake na watoto wakachukuliwa. Wapo wazee wa Aweil ambao mlio wa treni kwao ulikuwa ishara ya kukimbilia porini. Baada ya mkataba wa amani reli hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2010. Mwaka uliofuata nchi zikawa mbili, mpaka ukafungwa mara kwa mara, na tangu Aprili 2023 Sudan imo vitani, Babanusa penyewe pakiwa uwanja wa mapigano. Kipimo cha reli ile hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwamba ilifunga nusu ya nchi kwenye mlango mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa mwingine.

Ndiyo maana wengi hapa Juba wakisikia "geji sanifu" husikia Mombasa na Lamu, yaani mlango wa pili. Mwezi Machi 2012 Rais Salva Kiir alikuwa Lamu pamoja na Rais Kibaki na Waziri Mkuu Meles Zenawi kuzindua ushoroba wa bandari, barabara, bomba na reli hadi Juba. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Reli ya kuja huku haijalazwa hata taruma moja.

Iliyojengwa kweli ni ile ya Mombasa. Kenya ilikopa sehemu kubwa ya fedha kutoka benki ya Exim ya China, na mwezi Mei 2017 treni ya kwanza ikatoka Mombasa kwenda Nairobi, kilomita 472. Abiria waliipenda, na kwa haki: safari ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Mwezi Oktoba 2019 ikafika upande wa Naivasha, ikasimama. Fedha za kuiendeleza hadi Kisumu na Malaba hazikupatikana wakati ule. Serikali ikalazimisha makontena yapande treni, wenye malori na wafanyabiashara wa Mombasa wakalalamika, na amri hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Na ili shehena ya Uganda iendelee, Kenya ilifanya nini? Iliikarabati reli ya zamani ya mita moja kutoka Longonot hadi Malaba, ikajenga kipande cha kuunganisha, na sasa makontena huhamishwa Naivasha kutoka behewa pana kwenda behewa jembamba. Reli iliyojengwa ili mzigo usiguswe njiani imeleta mahali papya pa kuugusa.

Hatuandiki haya kuwacheka majirani. Tanzania imefanya vizuri zaidi kwa maoni yetu: tangu katikati ya mwaka 2024 treni za umeme zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na ile ya mita moja inaendelea kufanya kazi kando yake. Ethiopia nayo ilikuwa na sababu nzuri. Reli yake ya mita moja kutoka Jibuti, iliyofika Addis Ababa mwaka 1917, ilikuwa imekwisha kuchakaa, na ile mpya ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2016 inakwenda moja kwa moja hadi bandarini. Reli inayoanza bandarini na kuishia mji mkuu inaweza kujilisha. Inayoishia bondeni inamlisha mkopeshaji.

Hapa pia lugha inatudanganya kidogo. Tunasema nchi hizi "zimebadili" reli zao, lakini kwa kweli hakuna aliyebadili. Wote wamejenga reli nyingine pembeni. Kubadili halisi ni kule walikofanya watu wa majimbo ya kusini ya Marekani, miaka ishirini na moja baada ya kushindwa vitani. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1886, kwa muda wa siku mbili, walisogeza chuma kimoja inchi tatu katika yapata kilomita 18,000 za njia, ili treni zao ziingie kaskazini. Iliwezekana kwa sababu walikuwa wakipunguza upana: mataruma yalibaki, matuta yalibaki, madaraja yalibaki. Ukitoka milimita 1,000 kwenda 1,435, na ukataka mwendo wa kasi, huwezi kusogeza. Kona za zamani ni kali mno, madaraja ni dhaifu, mataruma ni mafupi. Unaanza upya, na unalipa bei ya kuanza upya. India, iliyotupatia mita moja, ilianza mwaka 1992 mpango mkubwa wa kuondoa geji hiyo, lakini ilikuwa tayari na mtandao mpana mkubwa zaidi wa kuungia. Jambo hilo linatuhusu kwa namna moja: kadiri wenye reli ya mita moja wanavyopungua, vipuri vyake navyo vitakuwa adimu.

Turudi basi Juba. Kutoka Gulu hadi Nimule ni kama kilomita 100 kwa barabara, na kutoka Nimule hadi hapa ni 192. Uganda imekuwa ikiikarabati reli ya mita moja kutoka Tororo hadi Gulu, kilomita 375 hivi. Wakati huo huo, Oktoba 2024, ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga geji sanifu kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Tuzingatie kwamba mkataba huo unakwenda Kampala, wala si Gulu. Atakayesema Juba isubiri geji sanifu anatuambia tusubiri kwanza Kenya itoke Naivasha ifike Malaba, kisha Uganda imalize Kampala, kisha ikumbuke kaskazini. Na zote mbili zikope.

Sisi je, tutakopa kwa dhamana gani? Mali yetu ni mafuta, na tayari yameahidiwa kwa mambo mengi, ikiwemo barabara ya Juba hadi Rumbek. Bomba la kupitishia mafuta hayo kupitia Sudan lilipopasuka mwezi Februari 2024, mapato mengi ya serikali yalikatika na mishahara ikachelewa. Nchi ya namna hiyo ikikopa kujenga reli ambayo haijagusana na reli nyingine, itakuwa imejenga Kisangani na Ubundu yake, tena bila mto wa kuilisha.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba, kwa upande wa Juba, kubadili geji si swali la sasa. Swali la sasa ni zile kilomita 300 zisizokuwepo. Ziletwe kwa mita moja kutoka Gulu, kwa sababu ndiyo reli iliyo karibu na inayotembea. Wapo wenzetu idarani wanaopinga. Wanasema tutalipa mara mbili, na watoto wetu watalaumu ufinyu wa macho yetu. Hoja yao ni nzito, lakini ina jibu, nalo liko katika ile nafasi ya milimita 435. Bangladesh, nchi yenye mito mingi na ambayo nayo ilirithi geji mbili, hutumia njia yenye vyuma vitatu, na hadi mwaka 2025 njia hiyo ilitumika hata juu ya daraja la mto Jamuna lililofunguliwa mwaka 1998, na treni za aina zote mbili hupita. Hispania kwa miaka mingi imelaza mataruma yenye matundu ya vipimo viwili, ili siku ya kubadili ikifika chuma kisogezwe tu. Gharama ya mwanzo hupanda, hilo ni kweli, maana taruma ni refu zaidi na tuta ni pana zaidi. Lakini hupanda mara moja.

Mataruma yanaweza kung'olewa, na kokoto zinaweza kuongezwa. Daraja haliongezwi upana. Kati ya Nimule na Juba kuna mto Aswa, na makorongo mengi ambayo wakati wa mvua huwa mito. Daraja la reli la Aswa likijengwa kwa ajili ya treni nyembamba na nyepesi, litabomolewa siku geji sanifu itakapofika, kama itafika. Likijengwa kwa uzito na upana wa ile kubwa, litapitisha zote mbili. Hapo ndipo fedha za ziada zitumike, kabla ya mtu yeyote kuchora stesheni yenye vioo mjini.